Ukuta, Kona na Ukingo: Kutatua Ubishi wa Ramani Kwenye Michezo ya Sanamu

Mchezo wa sanamu mezani, yaani ule wa kusogeza vijisanamu au kete juu ya ramani, ukisimama kwa ubishi, mara nyingi kinachogombewa ni mstari. Mmoja anasema kete yake imepita kona, mwenzake anasema hapo hapapitiki. Mmoja anaona shabaha, mwingine anaona ukuta. Kitabu cha sheria kinafunguliwa, kila mtu anasoma sentensi inayomfaa, na Jumamosi inaishia hapo.

Mwongozo huu ni wa wenzangu mnaocheza Dodoma, iwe bwenini, sebuleni Area D au barazani Nkuhungu, kwa ramani zilizochapwa steshenari au kuchorwa kwa maka peni juu ya manila, na kete ambazo nyingine ni vizibo vya soda vilivyoandikwa namba. Tafuta dalili inayofanana na ya kwenu, halafu soma chanzo na dawa yake. Kabla ya hapo kuna swali moja la kujiuliza, na nusu ya ubishi wote huishia kwenye swali hilo.

Swali la kwanza: mnagombania kazi ipi ya ukuta?

Ukuta kwenye ramani unaweza kufanya kazi nne. Unaweza kuzuia miguu, yaani kete isipite. Unaweza kuzuia macho, yaani mpigaji asione shabaha. Unaweza kuzuia mkono, yaani kete mbili zilizo jirani zisiweze kupigana. Na unaweza kubadili hesabu ya umbali, mhesabu kwa kuuzunguka badala ya kuukatiza. Kazi hizi haziendi pamoja kila mara, na kila mchezo una mgawanyo wake.

Chukua Imperial Assault, mchezo wa Fantasy Flight Games uliotoka mwaka 2014. Mistari myeusi ya pembezoni mwa vipande vya ramani ni kuta: haipitiki wala haionekani ng'ambo yake. Mstari mwekundu usiokatika nao huzuia vyote viwili. Lakini mstari mwekundu wa vipandevipande huzuia miguu tu, macho yanapita. Sasa geukia mchezo wa vita wa Warhammer 40,000, toleo la 10 la mwaka 2023. Pale askari wa miguu hupenya ukuta wa gofu, yaani jengo lililobomoka, kana kwamba haupo, kifaru hakiwezi. Lakini aliye nje ya gofu haoni kilicho upande wa pili hata kama madirisha yako wazi. Ni kinyume kabisa cha ule mstari mwekundu uliokatikakatika.

Kwa hiyo mtu akiuliza "huu ni ukuta au si ukuta?", msimjibu bado. Mwulize anataka kupita, kuona, kupiga au kupima.

Dalili: sanamu haikai ndani ya mraba, au miraba ya pembeni imekatwa

Anzeni na hili kabla ya kufungua kitabu, maana ramani ikiwa mbovu hakuna sheria itakayowasaidia.

Ramani nyingi za kupakua zimepangwa kwa mraba wa inchi 1, yaani milimita 25.4, na kitako cha sanamu ya kawaida ni kama milimita 25. Nyingi pia zimepangwa kwa karatasi ya Kimarekani iitwayo Letter, ambayo ni milimita 215.9 kwa 279.4. Steshenari za kwetu zina A4, milimita 210 kwa 297. A4 ni ndefu zaidi lakini ni nyembamba zaidi. Kompyuta ikiachwa iikaze picha ili iingie kwenye ukurasa, itaipunguza hadi kama asilimia 97, na ikikwepa ile pambizo nyeupe ya printa itaipunguza zaidi. Mraba unabaki milimita 24.7 au chini ya hapo. Kitako kinavuka mstari. Kwenye miraba 10 mmeshapoteza karibu milimita 7, na karatasi iliyochapwa leo haikutani na ile iliyochapwa juzi kwa saizi kamili. Mlango wa chumba unaangukia ukutani, na hapo watu wanaanza kugombana kuhusu sheria wakati kosa ni la printa.

Dawa: mwambie anayechapa, "Naomba saizi halisi, asilimia mia, usiikaze kwenye ukurasa." Nenda na rula. Karatasi ya kwanza ikitoka, pima miraba 10 mfululizo: iwe sentimita 25.4. Ikipungua, simamisha kazi kabla hujalipia kurasa zilizobaki. Kama unapanga ramani yako mwenyewe, weka miraba 7 kwa 10 kwenye kila A4. Miraba 8 kwa upana inaingia kwa hesabu, kwa sababu ni milimita 203.2, lakini inaacha milimita 3.4 tu kila upande na printa nyingi hazifiki hapo. Ndipo inapopatikana ile nusu mraba ya pembeni inayozua swali la kama mtu anaweza kusimama juu yake.

Kuhusu nusu mraba hiyo, msimamo wangu ni kwamba iko nje. Ipakeni wino au ikateni kwa mkasi. Ikibaki, itatumika siku mtu anapotafuta njia ya kukimbilia.

Na kama ramani imeshachapwa vibaya na hamna hela ya kurudia, basi sanamu ihesabiwe kuwa iko kwenye mraba alioutaja mwenyewe alipoiweka, hata kama kitako kimemwagikia jirani. Andikeni herufi juu ya safu na namba ubavuni, mtu aseme "naenda D7". Hii inawasaidia pia mnaochezea nje: upepo wa hapa wa Julai na Agosti ukipiga ramani, kete zinahama zenyewe, na aliyetaja D7 anarudi D7 bila kumshuku mtu.

Dalili: "Kaka, hapo umekata kona"

Huu ndio ubishi ninaousikia kuliko wote, na hutokea zaidi kwenye Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika unaoongozwa na msimamizi. Sheria za toleo la 5, la mwaka 2014, zinasema kwenda mshazari hakuruhusiwi kukatiza kona ya ukuta, mti mkubwa au kitu kingine cha mazingira kilichojaza mraba wake. Sentensi ni fupi, lakini watu huibebesha mambo matatu ambayo hayamo.

La kwanza ni viumbe. Adui aliyesimama kwenye mraba si kitu cha mazingira. Kama kuna maadui wawili wamekaa pembe kwa pembe na katikati yao kuna mwanya wa mshazari, unapita. Yatakayokupata ukiondoka karibu nao ni suala jingine.

La pili ni vitu vidogo. Jiwe lililochorwa katikati ya mraba, likiacha nafasi pande zote, halijajaza mraba. Kona yake haizuii. Hapa Dodoma tunapenda kuchora mawe, maana tumezungukwa na vilima vya mawe, na ramani inaishia kuwa na mawe ya kila ukubwa. Amueni wakati wa kuchora: jiwe kubwa lijae mraba mzima, dogo libaki pambo.

La tatu ndilo zito: watu wanadhani kona isiyopitika pia haipigiki. Chukueni miraba minne inayounda mraba mmoja mkubwa. Wewe uko chini kushoto. Chini kulia ni ukuta. Juu kushoto ni wazi. Juu kulia yuko adui. Kati yako na adui kuna kona tu, na kona hiyo ni ya ukuta. Kumfuata kwa hatua moja ya mshazari huwezi. Lazima upande mraba wa juu kwanza, halafu uende kulia, na kwa kuwa mraba mmoja ni futi 5, utatumia futi 10 badala ya 5. Je, unaweza kumpiga upanga ukiwa hapohapo ulipo?

Unaweza. Mwongozo wa msimamizi wa toleo hilo unasema uchague kona moja ya mraba wako, kisha uvute mistari minne ya kufikirika hadi kona zote nne za mraba wa adui. Mmoja au miwili ikizibwa, adui ana nusu kinga, anaongezewa 2 kwenye ulinzi wake. Mitatu au minne ikizibwa lakini bado anafikika, ana kinga ya robo tatu, anaongezewa 5. Chagua kona yako ya juu kushoto. Mistari ya kwenda kwenye kona zake mbili za juu inapita hewani bila kugusa kitu. Ya kwenda kwenye kona zake mbili za chini inatambaa sawa na usawa wa juu wa ukuta: mmoja unaishia kwenye ncha yake, mwingine unakwenda mgongoni mwake. Mkiwa wakali mseme kugusa ni kuziba, basi imezibwa miwili, adui anapata 2. Mkiwa wapole, hapati kitu. Kwa vyovyote vile, upanga unafika.

Chukueni vizibo viwili na kiberiti kiwe ukuta, mfanye zoezi hili mezani mara moja. Aliyeliona kwa macho habishi tena.

Dalili: "Mimi namwona, lakini yeye hanioni"

Chanzo cha kwanza ni kupima kwa jicho. Mtu anainama, anafumba jicho moja, anatoa hukumu. Nunueni uzi wa cherehani. Mmoja ashike ncha kwenye kona ya mpigaji, mwingine kwenye shabaha, uvutwe ukaze. Uzi haumpendelei mtu.

Chanzo cha pili ni kutumia kipimo cha mchezo mwingine. Kwenye Dungeons & Dragons ya 2014 unachagua kona ya mraba mmoja na kuvuta mstari hadi sehemu yoyote ya mraba wa pili; ukipatikana mstari mmoja tu usiopita ndani ya kizuizi wala kukigusa, mnaonana. Imperial Assault inadai zaidi: kona moja ya mpigaji, mistari miwili isiyolaliana, hadi kona mbili za shabaha zilizo jirani, na yote miwili iwe wazi. Halafu kule kete nyingine inaziba macho kama ukuta, wakati kwenye Dungeons & Dragons kiumbe aliye katikati anampa shabaha nusu kinga tu. Aliyezoea mchezo mmoja akihamia mwingine, atazitetea kwa nguvu zote kanuni ambazo hazimo kwenye kitabu kilicho mezani, na atakuwa anasema kweli anachokikumbuka.

Chanzo cha tatu si kosa. Kwenye Imperial Assault inawezekana kabisa uone bila kuonwa. Ukijibanza nyuma ya ukuta ukabakiza kona moja tu ya mraba wako, kona hiyo moja inatosha kuvutia mistari yako miwili. Mwenzako akitaka kukurudishia, anahitaji kona zako mbili, na ya pili iko ukutani. Huo ni ujuzi wa kuchagua mahali pa kusimama. Msiufute kwa kusema "haki iwe sawa kwa wote". Mwenzenu ametumia hatua zake kufika pale.

Dalili: kete imefika ukingoni na hakuna anayejua nini kinafuata

Kosa hapa ni kuuchukulia ukingo wa ramani kuwa ni ukuta. Ukingo ni mahali karatasi ilipoishia, na kila mchezo umeamua maana yake.

Kwenye Dungeons & Dragons karatasi ikiisha dunia haijaisha. Mtu akitaka kukimbilia nje ya ramani, msimamizi wa mchezo aseme kuna nini huko, akiongeza karatasi kama inabidi. Kwenye Warhammer 40,000 uwanja wa mchezo wa pointi 2,000 ni inchi 44 kwa 60, sawa na sentimita 112 kwa 152, na kete haivuki ukingo kwa mwendo wa kawaida. Kwenye X-Wing, mchezo wa vyombo vya angani unaochezwa juu ya mraba wa futi 3 kwa 3, kinachotazamwa ni mahali chombo kilipotua: kipimo cha mwendo kinaweza kutoka nje ya ukingo katikati ya njia, lakini kitako kikimalizia kikiwa na sehemu yoyote nje, chombo kimekimbia vita na kinaondolewa.

Blood Bowl, mchezo wa mpira wa kupigana, ndiyo inayohitaji maelezo, kwa sababu ukingo wake ni silaha. Uwanja una miraba 26 kwa 15, na nje yake kuna mashabiki wenye hasira. Mchezaji akisukumwa kwao anapigwa: unarusha dadu za majeraha moja kwa moja, bila kuuliza kama deraya yake imevunjika. Kwa hiyo lazima mjue ni lini msukumo unamtoa nje.

Kila msukumo una miraba mitatu ya kumpeleka aliyesukumwa, yote ikiwa upande wa mbali na anayesukuma. Kanuni ni kwamba mraba mtupu ulio ndani ya uwanja hutangulia. Akikosa mraba mtupu wa ndani kati ya ile mitatu, ndipo anapotoka. Sasa mtazameni mchezaji aliyesimama kwenye mraba wa mwisho kabisa wa ubavuni. Ukimsukuma ukiwa ndani, umenyooka naye, miraba yake yote mitatu iko nje. Ameondoka. Ukimsukuma kwa mshazari, miraba miwili iko nje na mmoja uko ndani, palepale kwenye mstari wa pembeni. Mraba huo ukiwa mtupu, lazima abaki uwanjani hata kama wewe unatamani umwone kwa mashabiki. Ukiwa na mtu, anatoka. Mchezaji makini humweka mwenzake kwenye mraba ule kwanza, ndipo akasukuma.

Mraba wenye mpira peke yake unahesabiwa kuwa mtupu. Hili husahaulika sana.

Dalili: moto umepita kona

Kanuni ya jumla ya Dungeons & Dragons ni kwamba eneo la uchawi huanzia nukta moja, na sehemu isiyoweza kufikiwa na mstari ulionyooka kutoka nukta hiyo haiguswi. Aliye nyuma ya ukuta yuko salama. Lakini maelezo ya uchawi wenyewe yanaweza kusema vingine: ule mpira wa moto wa nusu kipenyo cha futi 20, katika toleo la 2014, umeandikwa wazi kwamba moto wake husambaa hadi nyuma ya kona. Someni maelezo ya uchawi husika kila mara, msiupe uchawi mwingine sifa ya mpira wa moto kwa sababu tu nao unawaka.

Dalili: ramani ni yenu wenyewe, na kitabu hakina jibu

Ramani ya kuchora kwa mkono ndiyo inayonipendeza kuliko zote, na ndiyo yenye mitego mingi zaidi. Nitatumia tembe la Kigogo kama mfano, kwa sababu linafaa mno kwa mchezo: nyumba ya pembe nne yenye kuta nene, vyumba vimepangwa kuzunguka ua, mifugo ndani, na paa bapa la udongo ambalo mtu anaweza kusimama juu yake.

Tatizo la kwanza ni unene wa ukuta. Maka peni inachora mstari wa nusu sentimita unaokula miraba ya pande zote mbili, na kesho mtu anauliza kama mraba uliomegwa unakalika. Chagueni njia moja kwa ramani nzima. Ama ukuta ukae juu ya mstari wa mraba, mwembamba, na miraba ya pande zote ibaki mizima. Ama ukuta ujaze miraba mizima iliyopakwa rangi. Kwa tembe napendelea njia ya pili, kuta zake ni nene kweli, na ile kanuni ya kona inafanya kazi bila maswali. Miraba inayokalika itieni nukta ya penseli katikati. Isiyo na nukta, hakuna anayesimama.

Tatizo la pili ni boma la miiba la mifugo. Mbuzi hapiti, lakini unamwona. Hilo ni jambo lilelile la mstari mwekundu uliokatikakatika, kwa hiyo lichoreni hivyohivyo, kwa vipande, na kwenye kona ya manila mwandike maana yake: miguu hapana, macho ndiyo, mshale unapita lakini shabaha ina nusu kinga. Mkuki mrefu unaofika mraba wa pili upite au usipite juu ya miiba? Kitabu hakiwezi kujua boma lenu lina urefu gani. Msimamizi aamue kabla ya dadu ya kwanza, aandike, na uamuzi huo uwahusu maadui wake pia. Jambo jipya likizuka katikati ya pambano, aamue haraka, mwendelee, mlijadili mkimaliza. Anayepinga ana haki ya kusikilizwa, ila si wakati zamu ya mwenzake inasubiri.

Tatizo la tatu ni paa. Aliye juu anaona ua wote, isipokuwa miraba iliyobanwa na ukuta chini ya miguu yake, ambayo ataiona akisogea hadi ukingoni. Akisukumwa akaanguka, Dungeons & Dragons inatoa dadu 1 ya pande 6 kwa kila futi 10 za kuanguka, na futi 10 ni karibu mita 3. Tembe halisi ni fupi kuliko hapo, kwa hiyo akianguka haumii kwa kanuni hiyo; mkitaka aumie, semeni mapema kwamba tembe lenu limeinuliwa. Paa lichorwe kwenye karatasi yake, kwa miraba ileile na herufi zilezile za safu, ili aliye juu akisema yuko C4, wa chini wajue anasimama juu ya chumba kipi.